Vazi la Fuwele: Historia ya Kukuza Vijiti vya Nano kwa Seli za Jua

Kijiti cha nano ni fuwele ya semikondakta iliyorefuka upande mmoja. Unene wake ni nanomita chache tu, na urefu wake ni makumi ya nanomita au zaidi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene unaokaribia nanomita 80,000. Semikondakta ni maada iliyo katikati ya shaba inayopitisha umeme na kioo kinachouzuia, na ndani ya seli ya jua kazi yake ni kupokea nuru na kuachia elektroni. Vijiti hivi havichongwi kutoka kwenye bonge kubwa. Hukuzwa ndani ya kimiminika, atomi moja baada ya nyingine, na kinachoamua kama fuwele itakuwa ya duara, ya kijiti au ya bapa ni molekuli zinazozishika nyuso zake wakati inakua. Molekuli hizo ndizo vifunikaji.

Kifunikaji kina kazi tatu. Huzuia fuwele zisigandamane, hupunguza kasi ya kukua kwake, na hupendelea baadhi ya nyuso kuliko nyingine, hivyo huacha upande mmoja ukue wakati pande nyingine zimebanwa. Lakini vazi hilohilo, fuwele ikishaingia kwenye seli ya jua, huwa ukuta mbele ya elektroni, kwa sababu molekuli nyingi za aina hii ni minyororo ya kaboni isiyopitisha umeme. Bila vazi hakuna kijiti, na vazi likibaki hakuna umeme wa maana. Ufundi huu ulikua kwa kulitafutia jibu tatizo hilo, hatua kwa hatua.

Kabla ya nano kupata jina

Wazo la kuifunika chembe ndogo ili isiharibike lina umri mkubwa kuliko seli ya jua yenyewe. Mwaka 1857, jijini London, Michael Faraday alieleza majaribio yake ya kutengeneza kimiminika chekundu kutokana na chumvi ya dhahabu. Alitambua kwamba wekundu ule ulitoka kwa chembe za dhahabu ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na kwamba chumvi kidogo ya mezani ilitosha kuugeuza kuwa buluu, kwa kuwa chembe zilianza kushikana. Aliona pia kwamba jelatini iliweza kuzikinga dhidi ya mabadiliko hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Richard Zsigmondy aliweka kipimo cha nguvu ya vitu kama jelatini katika kuilinda dhahabu iliyotawanyika majini, na alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925 kwa kazi yake juu ya koloidi, yaani chembe ndogo zilizotawanyika ndani ya kitu kingine kama maji.

Katikati ya karne hiyo hatua mbili ziliweka msingi wa kinadharia na wa kiutendaji. Mwaka 1950 Victor LaMer na Robert Dinegar wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliokuwa wakichunguza chembe za salfa majini, walieleza namna ya kupata chembe zinazolingana ukubwa. Viini vyote vinapaswa kuzaliwa kwa mkupuo mmoja, kisha uzazi ukome na vilivyozaliwa viendelee kukua pamoja. Vikizaliwa kwa zamu, vya kwanza vitakuwa vikubwa na vya mwisho vidogo. Mwaka uliofuata John Turkevich na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya kutengeneza chembe za dhahabu kwa sitrati, chumvi ya asidi ya ndimu. Sitrati ilifanya kazi mbili kwa pamoja: iliitoa dhahabu kwenye chumvi yake, na ikabaki juu ya chembe kama vazi. Njia hiyo bado hufundishwa maabarani.

Ukubwa unapobadili rangi

Mafundi wa vioo walijua kwa muda mrefu kwamba sulfidi na selenidi ya kadimi hutia kioo rangi ya manjano, ya chungwa au nyekundu, kulingana na moto kilichopitia. Sababu ilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika Umoja wa Kisovyeti, Alexei Ekimov alitia kloridi ya shaba kwenye kioo, akakipasha moto kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi kwa muda wa kuanzia saa 1 hadi saa 96. Fuwele zilizotokea ndani ya kioo zilikuwa na upana wa kuanzia nanomita 2 hadi 30, na kadiri zilivyokuwa ndogo ndivyo nuru zilizomeza ilivyosogea upande wa buluu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1981. Alexander Efros aliyatolea nadharia: elektroni iliyofungiwa kwenye chumba kidogo hulazimika kuwa na nishati kubwa zaidi.

Upande wa pili wa dunia, katika maabara za Bell nchini Marekani, Louis Brus alikutana na jambo hilohilo ndani ya maji. Alikuwa akitumia chembe za sulfidi ya kadimi kuchochea mmenyuko wa kikemia kwa nguvu ya nuru. Aliona kwamba chembe zilizokaa mezani zilibadilika tabia. Zilizotengenezwa upya zilikuwa na upana wa nanomita 4.5 hivi, na zilizolala zilifika nanomita 12.5. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983. Jijini Berlin Arnim Henglein naye alikuwa akichunguza koloidi za aina hiyo miaka hiyohiyo.

Tofauti kati ya kioo cha Ekimov na maji ya Brus ina uzito mkubwa katika historia hii. Ndani ya kioo fuwele zimenaswa, haziwezi kutolewa wala kuunganishwa na kitu kingine. Ndani ya maji ziko huru, ila uhuru huo ndio unaoziponza: huyeyuka, hukutana na kukua zenyewe usiku kucha. Ili ziwe malighafi inayoweza kukaushwa, kuhifadhiwa na kupakwa, zilihitaji vazi. Mwaka 1988 Michael Steigerwald na wenzake wa Bell walizifunga fuwele za selenidi ya kadimi kwa vikundi vya kaboni vilivyoshikamana na uso wake kwa nguvu za kikemia. Fuwele ziliweza kukaushwa zikawa unga, kisha unga ukayeyushwa tena bila chembe kuungana. Miongoni mwa vijana waliopitia kikundi cha Brus walikuwamo Moungi Bawendi na Paul Alivisatos, na hao wawili ndio walioibeba kazi kwenda mbele.

Chungu cha mafuta ya moto

Mwaka 1993 Christopher Murray, David Norris na Bawendi, wakiwa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, walichapisha utaratibu uliobadili kazi nzima. Waliacha maji wakatumia kimiminika kinachostahimili moto mkali: oksidi ya trioktilifosfini, ambayo wakemia huiita TOPO. Kila molekuli yake ina kichwa cha oksijeni kinachopenda atomi za kadimi, na mikia mitatu yenye kaboni nane kila mmoja. Kimiminika cha kupikia kikawa ndicho vazi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa haraka na wa uangalifu. TOPO ilipashwa moto ndani ya chupa isiyo na hewa, ikifunikwa na gesi ya agoni, mpaka kufika nyuzi 300 hivi. Kisha mchanganyiko wa dimethilikadimi na seleni ulidungwa kwa bomba la sindano kwa mkupuo mmoja. Viini vilizaliwa papo hapo. Kimiminika baridi kilichoingia kikashusha joto, na uzazi ukakoma. Baada ya hapo joto lilipandishwa polepole hadi kati ya nyuzi 230 na 260, na fuwele zikakua taratibu. Huo ulikuwa ushauri wa LaMer uliotiwa kwenye chungu. Waliweza kupata fuwele zenye upana wa kuanzia nanomita 1.2 hadi 11.5, zikilingana kiasi kwamba tofauti ya upana ilikuwa chini ya asilimia 5.

Fuwele hizo zilikuwa za duara au zilizokaribia duara, na zilipata jina la nukta za kwanta. Kwa mtu anayetafuta rangi safi, nukta inatosha. Kwa mtu anayetafuta umeme, umbo hilo lina kasoro.

Kwa nini kijiti

Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilioneshwa katika maabara za Bell mwaka 1954 na Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, ikiwa na ufanisi wa asilimia 6 hivi. Silikoni ilihitaji moto mkali na usafi wa hali ya juu, nayo ilikuwa ghali. Kwa hiyo watafiti wengine walitafuta seli inayoweza kupakwa kama rangi ya ukutani. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, nchini Uswisi, walionesha seli iliyotumia chembe ndogo za oksidi ya titani zilizotiwa rangi inayomeza nuru, na ufanisi wake ulizidi asilimia 7. Mwaka 1995 kikundi cha Alan Heeger huko California kilionesha seli ya polima iliyochanganywa na molekuli za kaboni zenye umbo la mpira.

Seli ya mchanganyiko wa namna hiyo inadai mambo mawili yanayovutana. Nuru inapopiga polima, elektroni hunyanyuka na kuacha nafasi yake wazi, ambayo wanafizikia huiita tundu. Elektroni na tundu hubaki zimeshikana na hudumu kwa muda mfupi sana. Zisipokutana na mpaka wa kuzitenganisha ndani ya nanomita 10 hivi, hurudiana na nishati hupotea. Ndiyo maana maada mbili hulazimika kuchanganywa kwa karibu mno. Lakini baada ya kutengana, elektroni inapaswa kusafiri umbali mrefu zaidi hadi kwenye elektrodi, na mchanganyiko wenyewe huwa kizuizi.

Mwaka 1996 Neil Greenham, Xiaogang Peng na Alivisatos, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichanganya nukta za selenidi na sulfidi ya kadimi na polima. Waligundua mapema kwamba nukta zilizobaki na vazi la TOPO hazikupokea elektroni ipasavyo. Walipoziosha kwa piridini, molekuli ndogo inayong'oka kwa urahisi, elektroni zilivuka. Seli yao bora ilitoa elektroni 12 kwa kila fotoni 100, yaani chembe 100 za nuru, za rangi iliyopimwa. Hata hivyo, elektroni ililazimika kuruka kutoka nukta moja hadi nyingine kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, na kila mruko ulikuwa nafasi ya kupotea. Kijiti kingekuwa daraja: elektroni ingeingia mahali popote na kuteleza ndani ya fuwele moja bila kuruka.

Uchafu uliofanya kazi

Namna ya kupata kijiti ilitokana na jambo lililowasumbua wakemia wengi wa miaka ya 1990. TOPO iliuzwa katika madaraja mawili, moja la usafi wa asilimia 99 na jingine la bei nafuu la asilimia 90. Kinyume cha matarajio, TOPO chafu ndiyo iliyotoa fuwele nzuri, nayo haikutoa matokeo yaleyale kila mara. Ilipokuwa safi kabisa, ukuaji ulikuwa wa kasi usiozuilika. Ndani ya ule uchafu mlikuwa na kitu kilichofanya kazi ambayo watu waliihesabia TOPO.

Kitu hicho kilikuwa jamii ya asidi za fosforasi, ambazo hushikamana na kadimi kwa nguvu kuliko TOPO yenyewe. Mwaka 2000 Peng, Liberato Manna, Alivisatos na wenzao wa Berkeley walichapisha matokeo yaliyotumia elimu hiyo kwa makusudi. Walianza na TOPO safi, wakaongeza asidi ya heksilifosfoniki kwa kipimo walichokichagua. Kwa kubadili kiasi cha asidi hiyo na wingi wa malighafi iliyodungwa, walivuta umbo la selenidi ya kadimi kutoka karibu duara hadi kijiti chenye urefu mara 10 ya unene wake.

Chanzo cha umbo hilo kiko ndani ya mpangilio wa atomi. Selenidi ya kadimi inayopikwa kwa njia hiyo hupanga atomi zake kwa mtindo uitwao wutzaiti, wenye mhimili mmoja wa pekee na pande sita zinazouzunguka, kama penseli. Nyuso za ubavuni na nyuso za ncha hazifanani: idadi ya atomi za kadimi zilizo wazi na namna zinavyoelekea nje ni tofauti. Asidi ya fosfoniki hushika ubavu kwa nguvu zaidi, na hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2004 ziliunga mkono maelezo hayo. Malighafi ikiwa nyingi, atomi mpya hukimbilia ncha ambazo hazijabanwa, na fuwele hurefuka. Malighafi ikipungua, atomi huhama kutoka ncha kwenda ubavuni, na kijiti hurudi polepole kuelekea duara, umbo lenye uso mdogo na utulivu mkubwa. Samaki mkunje angali mbichi: umbo huwekwa katika dakika za mwanzo, wakati malighafi bado ni tele, na mpishi akichelewa kuondoa chungu motoni hulipoteza.

Mwaka 2001 Peng, aliyekuwa amehamia Chuo Kikuu cha Arkansas, alionesha pamoja na mwenzake kwamba dimethilikadimi inaweza kuachwa kabisa. Kemikali hiyo ni sumu kali na huwaka inapoguswa na hewa, hivyo ni maabara chache zilizothubutu kuitumia. Badala yake walitumia oksidi ya kadimi, unga wa kawaida, ulioyeyushwa kwa asidi ya fosfoniki. Ufundi uliokuwa wa wachache ukafunguka kwa wengi. Baadaye kikundi cha William Buhro huko St. Louis kilichambua TOPO ya kibiashara, kikataja asidi zilizojificha ndani yake moja baada ya nyingine, na kuonesha ipi husaidia na ipi huharibu. Kilichokuwa bahati ya chupa fulani kikawa kipimo kinachoandikwa kwenye daftari.

Kijiti ndani ya seli

Matunda ya kwanza makubwa yalionekana mwaka 2002. Wendy Huynh, Janke Dittmer na Alivisatos walichanganya vijiti vya selenidi ya kadimi na polima ya jamii ya thiofeni, vijiti vikiwa asilimia 90 ya uzito wote, wakapaka tabaka jembamba la kama nanomita 200 kati ya elektrodi mbili. Walilinganisha vijiti vyenye unene uleule wa nanomita 7 na urefu tofauti. Kadiri vilivyorefuka ndivyo seli ilivyokusanya elektroni nyingi zaidi. Vijiti vya nanomita 60 vilifika zaidi ya elektroni 54 kwa kila fotoni 100 za rangi inayofaa, na ufanisi wa seli chini ya nuru sawa na ya jua ulikuwa asilimia 1.7. Kwa kipimo cha silikoni hiyo ni tarakimu ndogo. Uzito wake ulikuwa katika uthibitisho kwamba umbo peke yake, bila kubadili maada, huongeza umeme.

Vazi lilidai tena malipo yake. Vijiti vilioshwa kwa piridini ili kuondoa asidi na TOPO, lakini vijiti vilivyovuliwa havikutaka kuchanganyika na polima, vilijikusanya mafungumafungu. Watafiti walilazimika kutafuta uwiano wa vimiminika, piridini kidogo ndani ya klorofomu nyingi, unaoviacha vijiti vimetawanyika mpaka tabaka likauke. Kisha tabaka lilipashwa moto ili piridini iliyobaki itoke na polima iguse fuwele.

Tatizo jingine lilikuwa mwelekeo. Kijiti kilicholala chali sambamba na elektrodi hakipeleki elektroni inakotakiwa. Jibu moja lilikuwa fuwele ya miguu minne inayochomoza kutoka kitovu kimoja, ambayo ikitua huwa na mguu mmoja unaoelekea juu. Mwaka 2003 Manna na wenzake walieleza namna ya kupika fuwele hizo kwa teluridi ya kadimi, kwa kutumia asidi ya fosfoniki kudhibiti urefu na unene wa miguu. Seli za polima na fuwele za miguu minne za selenidi ya kadimi zilipanda taratibu, na mwaka 2010 maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani iliripoti ufanisi uliothibitishwa wa asilimia 3.13.

Wengine waliitupa polima. Mwaka 2005 Ilan Gur, Alivisatos na wenzao walipaka vijiti vya teluridi ya kadimi, kisha juu yake vya selenidi ya kadimi, na kutengeneza seli isiyo na maada ya kikaboni ya kupitishia umeme. Tabaka hizo zilipotiwa kloridi ya kadimi na kupashwa moto wa nyuzi 400, ufanisi ulikaribia asilimia 3. Moto huo uliunganisha fuwele na kufuta mipaka baina yake. Vazi liliondoka na sehemu ya umbo ikaondoka nalo.

Msitu wa oksidi ya zinki

Sambamba na chungu cha mafuta ilikua njia nyingine ya upole, iliyotumia maji chini ya nyuzi 100. Maada yake ilikuwa oksidi ya zinki, unga mweupe uliozoeleka katika rangi na marhamu za ngozi. Mwaka 1990 watafiti wa Hispania walieleza namna ya kupata vijiti vya oksidi hiyo kwa kuchemsha chumvi ya zinki pamoja na heksamethilinitetramini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Lionel Vayssieres aliikuza kazi hiyo juu ya vioo na maada nyingine, vijiti vikisimama wima vimebanana kama mashina ya mianzi. Mwaka 2003 kikundi cha Peidong Yang huko Berkeley kilionesha kwamba sahani nzima inaweza kufunikwa ikiwa kwanza itapakwa mbegu, yaani fuwele za oksidi ya zinki za nanomita 5 hadi 10, kisha ikatumbukizwa kifudifudi katika maji yenye nitrati ya zinki.

Hapa tatizo la mwelekeo linajitatua, kwa kuwa kijiti huota kutoka kwenye elektrodi yenyewe. Kazi ya heksamethilinitetramini ilizua mjadala. Molekuli hiyo huvunjika polepole ndani ya maji ya moto na kuachia amonia, ambayo hugeuza zinki kuwa oksidi kwa kasi ya wastani. Baadhi ya watafiti waliona hiyo ndiyo kazi yake yote, wengine wakasema pia hushika ubavu wa fuwele. Juu ya vifunikaji vingine ushahidi ulikuwa wazi zaidi. Poliethilinimini, polima yenye chaji chanya, hushika ubavu na kuufanya usinenepe. Sitrati hufanya kinyume: hushika uso wa ncha, na badala ya sindano hutokea vijiti vifupi vinene au bapa. Mwaka 2011 Jaebum Joo na wenzake wa Massachusetts walionesha kwamba hata ayoni za metali zinaweza kuchagua uso kwa mvutano wa chaji, na hivyo kuamua kama oksidi ya zinki itakuwa bapa au sindano.

Poliethilinimini ndiyo iliyowawezesha Matt Law, Yang na wenzao, mwaka 2005, kukuza nyaya zenye urefu zaidi ya mara 125 ya unene wake na kuziweka kwenye seli ya mtindo wa Grätzel mahali pa chembe za duara. Kila sentimita ya mraba ilibeba hadi nyaya bilioni 35. Elektroni zilisafiri kwa njia ya moja kwa moja, lakini ufanisi ulikuwa asilimia 1.5, kwa sababu eneo la kushikia rangi lilikuwa moja ya tano tu ya lile la seli ya chembe. Seli hiyo ilionesha mipaka ya kijiti: kinachopatikana katika usafiri kinaweza kupotea katika upokeaji wa nuru.

Kulivua vazi

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 swali la vazi likawa kubwa kuliko swali la umbo. Minyororo mirefu ilibadilishwa kwa mifupi baada ya tabaka kupakwa, ili fuwele zikaribiane. Mwaka 2009 Maksym Kovalenko, Marcus Scheele na Dmitri Talapin wa Chicago walikwenda mbali zaidi: walifunika fuwele kwa ayoni zisizo na kaboni, zenye metali na salfa, ambazo zenyewe ni semikondakta. Vazi likaanza kupitisha umeme. Mwaka 2012 kikundi cha Edward Sargent huko Toronto kiliziba nafasi wazi juu ya nukta za sulfidi ya risasi kwa ayoni ndogo za halojeni pamoja na molekuli fupi, na kikapata ufanisi uliothibitishwa wa asilimia 7. Mwaka 2016 nukta za perovskaiti, semikondakta ya jamii nyingine, zilifika asilimia 10.77.

Rekodi hizo ni za nukta. Vazi lilipokuwa fupi na uso ukazibwa vizuri, elektroni iliweza kuruka bila kupotea, na haja ya daraja refu ikapungua. Bei ya silikoni nayo ilishuka sana, na seli ya kupaka kwa vijiti haikufika sokoni. Kadimi yenyewe ilizidi kutiliwa shaka. Madhara yake yalijulikana tangu Japani ilipotambua rasmi, mwaka 1968, kwamba maradhi ya mifupa ya wakazi wa bonde la mto Jinzu yalitokana na kadimi ya migodini, na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2006 iliweka kikomo cha asilimia 0.01 katika vifaa vingi vya umeme. Oksidi ya zinki, isiyo na mzigo huo, imeendelea kukuzwa kwa ajili ya tabaka za kupokea elektroni katika seli za aina mbalimbali.

Elimu iliyopatikana kwenye vijiti imebaki katika kemia yote ya fuwele ndogo. Mwaka 2023 Bawendi, Brus na Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ugunduzi na utengenezaji wa nukta za kwanta, ambazo sasa hung'arisha rangi kwenye skrini za televisheni. Desturi zinazofuatwa na wanaozipika ziliwekwa katika miaka ya vijiti: kujua usafi wa kila kimiminika, kupima kifunikaji badala ya kukiacha kwa bahati, kuchagua uso wa kubana na uso wa kuacha, na kupanga tangu mwanzo namna vazi litakavyovuliwa au kubadilishwa fuwele itakapoanza kazi yake.